Bei ya Santuri na Thamani ya Maneno Yake

Familia iliyosahau santuri kuukuu juu ya kabati kwa miaka mingi, ikisikia kwamba wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzitafuta, huuliza swali moja tu: je, zina bei? Swali hilo ni halali. Lakini jibu litolewalo sokoni hupima kitu kimoja na kuacha kingine, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili kile kiachwacho ndicho kiini cha santuri nyingi za Katanga.

Yafaa kukiri kwanza kwamba soko lina elimu yake. Mgeni hudhani kwamba umri huzaa bei. Sivyo. Sahani iliyouzwa kwa wingi katika miaka ya 1950 yaweza kuwa ya kawaida hata leo, hali ile ya mwaka 1972 iliyotolewa kwa nakala chache hugombaniwa. Kwa hiyo mnunuzi husoma lebo, iwe Ngoma, Opika au Loningisa za Léopoldville, au Gallotone ya Johannesburg. Kisha hutazama namba iliyochorwa katika ukanda laini ulio kati ya mfereji wa mwisho na lebo, apate kujua kama ameshika toleo la kwanza au la kurudiwa. Hutenganisha pia bei inayoombwa na bei iliyolipwa: tangazo la mwuzaji huonyesha tamaa yake tu.

Baadaye huja madaraja ya uzima wa sahani, na hapo mwanaisimu hana budi kutabasamu. Katika mizani iliyozoeleka Marekani, santuri iitwayo “nzuri” imekwaruzika vibaya na mvumo wake husikika wazi wimbo unapoimbwa. Hata “nzuri sana” ina dosari za kusikika, na mwenye kitu kizuri kweli hulazimika kuongeza alama ya kujumlisha au kusema “karibu mpya”. Anayetafsiri orodha hizo neno kwa neno atawadanganya wasomaji wake.

Mfano wa Mwenda Jean Bosco waonyesha upungufu wa mizani hiyo. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Gallotone ikatoa nyimbo hizo katika sahani za shelaki za mizunguko 78 kwa dakika. “Masanga” ikavuka mipaka, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wakajifunza mtindo wa vidole vyake. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha uchambuzi wa sehemu mbili katika jarida la African Music; kama kichwa chake kinavyotamka, shabaha yake ilikuwa ubunifu wa gitaa. Mkusanyaji naye hulipia vidole hivyo hivyo. Maneno hayajapata uangalizi wa kiasi hicho, ingawa gitaa na maneno vimo katika mfereji mmoja.

Na maneno hayo si mapambo. Kiswahili cha Katanga husema “bantu” mahali ambapo Kiswahili sanifu husema “watu”, hutumia “mu” penye “katika”, na hupenda viambishi ka- na tu- kwa udogo. Mwimbaji anaweza kushika umbo la nyumbani au kuelekea lile linaloeleweka mbali zaidi. Bosco na Edouard Masengo wote wawili walifanya kazi Nairobi, kwa hiyo uchaguzi huo haukuwa wa nadharia. Mwandishi wa matini anaposikia “bantu” akaandika “watu”, kwa nia njema ya kusahihisha, amefuta ushahidi. Tena sahani ya inchi 10 ilibeba takribani dakika tatu kwa kila upande. Anayehukumu ufupi wa beti bila kukumbuka kipimo hicho humlaumu mtunzi kwa kosa la sahani.

Yapo ambayo soko na mwanaisimu hukubaliana. Sindano za chuma na matumizi ya miaka mingi huharibu kwanza sauti za juu, na konsonanti kama s, sh na f ndizo huanza kupotea. Kwa hiyo nakala safi ni matini safi. Hata sindano ya leo huweza kupotosha: ncha ya sahani za shelaki ni pana takribani mara tatu kuliko ile ya sahani ndefu za vinili, na anayezicheza kwa ncha nyembamba husikia kelele za chini ya mfereji kuliko wimbo. Lakini jina la mwenye sahani lililoandikwa kwa wino juu ya lebo hushusha bei, ilhali mwanahistoria wa lugha hupata hapo msikilizaji halisi. Sahani iliyovunjika haina bei kabisa. Hata hivyo, siku hizi ipo mitambo inayosoma mfereji kwa picha bila kuugusa, na vipande vikikusanywa sauti huweza kurudishwa.

Haifuati kwamba watu wazuiwe kuuza. Ikiwa sahani moja yaweza kulipa karo ya mtoto, hoja ya wanachuo haiwezi kuishinda haja hiyo, na maktaba isiyo na fedha ya kununua haina haki ya kukemea. Linalodaiwa ni dogo zaidi. Kabla sahani haijaondoka Lubumbashi au Likasi, sauti yake inakiliwe kwa sindano inayofaa, lebo ipigwe picha pamoja na wino wake, na maneno yaandikwe na mtu aliyekua akisema Kiswahili hicho, bila kukinyosha. Upande wa pili nao unakiliwe, hata kama mnunuzi hakuutaja.