Pongezi kwa Waashi wa Kilwa Kisiwani

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, jengo la kwanza kukupokea ni Gereza, ngome ambayo Wareno waliianzisha mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya. Wageni hupiga picha, husikiliza habari za masultani na za msafiri Ibn Battuta aliyefika hapa mwaka 1331, kisha huondoka. Pongezi zangu mimi nazipeleka kwa waashi wanaokarabati magofu ya kisiwa hiki.

Kazi yao haitaki pupa. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya rundo la kuni mpaka yawe meupe na kumeguka, humwagiwa maji, huachwa yapoe, ndipo chokaa ichanganywe na mchanga. Saruji ingekauka upesi, lakini ni ngumu mno kwa kuta hizi: huzuia unyevu usitoke, na chumvi ya bahari ikala jiwe kwa ndani. Chokaa huuacha ukuta upumue. Tazama ufa uliozibwa vizuri: fundi amechomeka vijiwe kimoja kimoja, akashindilia chokaa kwa ncha ya mwiko, bila kuficha kazi ya fundi wa kale.

Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2014 yakaondolewa. Heshima hiyo ina jasho la watu. Sehemu ya ada ya kiingilio na iwalipe vijana wa kisiwani wajifunze ufundi huu, wakati wazee wao wangali na nguvu za kushika mwiko.