Wanaochutama mbele ya swila

Kumuua nyoka ni kazi ya dakika moja: kelele, rungu, basi. Kumpiga picha kunataka moyo mwingine. Pongezi ziwaendee wanaochutama vichakani pwani ya Kenya wakimngoja swila ainue shingo. Wamevaa miwani ya kinga, na si kwa mapambo: swila mtema sumu huulenga uso, na sumu ikiingia jichoni mtu huungua vibaya.

Heshima kubwa zaidi naipeleka Watamu, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken, alilolianzisha James Ashe mwaka 1980. Mwenyeji akikuta nyoka jikoni huwaita watu wa shamba hilo, nao huja kumchukua akiwa hai. Ashe alikuwa mmoja wa waandishi wanne wa mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki uliotoka mwaka 2002, kitabu ambacho bila picha kingekuwa mzigo tu. Kwa miaka mingi alishikilia kwamba yule swila mkubwa wa kahawia wa pwani si swila shingo-nyeusi. Mwaka 2007, yeye akiwa ameshafariki, wanasayansi walimtambua swila huyo kuwa spishi ya peke yake na kumwita Naja ashei. Mzee alikuwa na jicho!

Picha za nyoka zina kazi hospitalini pia. Daktari akionyeshwa picha ya nyoka aliyemuuma mtu (iliyopigwa kwa mbali, tafadhali, bila kumfukuza mnyama) hujua kama ajiandae kwa uvimbe na nyama kuoza, kama wa bafe, au kwa mgonjwa kuishiwa pumzi, kama wa koboko.