Heko, Medali ya Oersted

Mwaka 1820, Hans Christian Oersted alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake mjini Copenhagen. Alipopitisha umeme kwenye waya, sindano ya dira iliyokuwa karibu ikacheza, kidogo tu. Kumbe umeme na sumaku ni ndugu! Ugunduzi mkubwa namna hiyo, na umezaliwa katikati ya kipindi.

Chama cha Walimu wa Fizikia cha Marekani hakikukosea kuipa medali yake jina la Mdenmarki huyo. Tangu 1936 kinawatunuku waliobobea katika ufundishaji, kazi ambayo wengi huisahau sifa zinapogawiwa. Mwanafizikia Richard Feynman alipata Nobel ya utafiti mwaka 1965. Medali hii aliipata 1972. Kwangu mimi, hii ya pili haipungui hadhi hata chembe.