Mchuaji Hapimwi kwa Kilio

Wiki iliyopita, stendi ya Nane Nane jijini Mbeya, dereva mmoja wa lori alikuwa akiwaonyesha wenzake ubavu wa tako la kulia. Limevilia damu kama embe lililoangukia lami. "Yule jamaa ni fundi," akasema, "nimelia kama mtoto!" Wenzake wakaomba namba ya simu. Mimi, ambaye kuchua nyonga ndiko kulikosomesha wanangu, nikainamia chai yangu. Hapa siinami.

Kilio si kipimo. Pirifomisi, msuli wa nyonga, imelala chini ya nyama nene ya tako. Anayeikandamiza kwa nguvu zote anauudhi msuli wa juu, nao ukiudhika unajikaza, na wa chini haufikiki tena. Mkono mzuri husubiri hadi nyama ikubali. Ukiona maumivu yanakukata pumzi na mchuaji anakwambia "vumilia", vaa suruali yako uende zako.

Hilo hata mgeni akielezwa ataliona. Wasichokiona wengi ni miguu.

Mlaze mtu chali, alegeze mwili wote, kisha nenda kasimame upande wa nyayo zake. Pirifomisi ikikaza huuzungusha mguu kwa nje, kwa hiyo mara nyingi unyayo wa upande unaouma huwa umelala zaidi ya mwenzake, vidole vimegeukia ukutani kama mtu aliyesusa. Mzee aliyenifundisha, Mhehe wa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, alikuwa akipokea madereva waliotoka kupanda mlima Kitonga. Salamu ilikuwa "Kamwene", kisha "vua viatu, lala." Alisimama miguuni bila kusema neno, muda wa kutosha kumtia mtu wasiwasi. Akimaliza kuchua alimlaza tena chali, akarudi palepale. Nyayo zikilingana alinawa mikono. Zisipolingana hakupokea hela, hata mteja aapie kwamba amepona. "Mteja ana adabu, kijana wangu," aliniambia. "Mguu hauna."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu kifudifudi, goti limekunjwa, kiwiko cha mzee kimetulia kati ya ukingo wa mfupa ulio juu ya kifandugu na nundu ya paja inayojitokeza ubavuni. Mkono wa pili umeshika kifundo cha mguu, unaupeleka nje na kuurudisha, taratibu, kama dereva anayetafuta gia kwenye gari bovu. Kiwiko hakisogei, msuli ndio unaopita chini yake. Tazama kiwiko cha mchuaji wako. Kikienda mbio huku na huku, anapaka mafuta tu.

Ukisikia kama umeme unashuka hadi kwenye unyayo, amekanyaga mshipa mkuu wa fahamu, unaopita chini ya msuli huo na kwa watu wachache huupasua katikati. Fundi husogeza kiwiko kidogo, asiseme kitu. Tapeli hushangilia: "Umesikia? Ugonjwa unatoka huo!" Nimemjua mmoja aliyealisha vidole vyake mwenyewe nyuma ya mgongo wa mteja, halafu akatangaza kwamba mfupa umerudi. Mwingine alitia pilipili kwenye dawa ya kuchua. Ngozi ikiwaka, nani atakumbuka nyonga?

Mengine ni sheria, usiniulize sababu. Mkono wa baridi hauchui, na Juni ya Mbeya kila mkono ni wa baridi. Mzee wangu aliota jiko la mkaa kwanza, vijana wa leo wanatoka kushika simu. Mafuta yasinukie. Redio izimwe. Mchuaji anayeongea sana hasikii nyama.

Tena fundi anajua wa kumkataa. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo usiozuilika, mguu unaoishiwa nguvu: huyo ni wa hospitali, leo leo, si wa mkekani. Na wapo wa kutibiwa bila kuguswa. Nilimwona mzee akimtoa dereva pochi nene kwenye mfuko wa nyuma, pochi aliyoikalia kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Akamwambia aihamishie mfuko wa shati, arudi baada ya wiki mbili. Hakumtoza senti.

Yule dereva wa Nane Nane alilipa chai yake akaelekea kwenye lori, bado anasifiwa kwa ushujaa. Nilimtazama viatu. Cha kushoto kilitazama mbele. Cha kulia kilikuwa kimegeukia Tukuyu.