Rafiki Kama Mdhamini: Mapenzi na Staha Katika Hadithi Zetu

Miongoni mwa maandishi yanayosomwa sana na vijana wetu na kudharauliwa sana na wahakiki wetu ni vijitabu vya mapenzi. Vijitabu hivi havina kurasa nyingi, na aghalabu husimulia jambo moja: vijana wawili wamependana, kikwazo kimetokea, na kikwazo hicho ama kimeondoka ama kimewashinda. Walimu tumevinyang'anya, wazazi wamevichoma, na wahakiki wamevipita kimya kana kwamba havimo katika utamaduni wa taifa. Katika makala hii nakusudia kuuliza swali ambalo yatupasa tulijibu: hadithi ya mapenzi iliyo safi ni ipi, na usafi wake hupimwa kwa kipimo gani?

Swali hilo sikulibuni mimi. Niliulizwa mwaka 1983, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Musoma. Jioni moja, wakati wa kujisomea, nilimkuta msichana wa kidato cha tatu ameficha kijitabu cha namna hiyo ndani ya daftari la Siasa. Nilikichukua, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba huo ni uchafu. Hakubisha. Alisimama, akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Kilicho safi ni kipi, ili tukisome hicho?" Nilimwamuru akae. Usiku ule nilikifungua kijitabu chenyewe, na nyuma ya jalada nikakuta majina ya wasichana sita yameandikwa kwa penseli, moja chini ya jingine. Ilikuwa zamu yao ya kusoma. Marafiki sita walikuwa wakijifunza habari ya mapenzi kwa pamoja, na mimi, mwalimu wao wa fasihi, sikuwa na kitabu cha kuwapa.

Jibu ninaloleta leo ni hili: usafi wa hadithi ya mapenzi haupimwi kwa mambo iliyoyanyamazia. Hupimwa kwa nafasi iliyompa rafiki. Mapenzi yanayoweza kusemwa mbele ya rafiki mwaminifu, yakasikilizwa naye, yakapingwa naye inapobidi na kudhaminiwa naye yanapostahili, hayo ndiyo yenye staha. Nitaeleza dai hili kwa vitabu vitatu vilivyotoka pande zetu za Ziwa, kisha nivirudie vijitabu vyenyewe.

Kwanza yafaa tukumbuke hali ya uhakiki wetu wenyewe. Mwaka 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wahakiki wengi walijizoeza kukiuliza kila kitabu kina ujumbe gani kwa mkulima na mfanyakazi. Lilikuwa swali jema, na liliamsha fikra. Lakini lilitufanya tuyaone mapenzi kuwa kasumba, jambo la watu wasio na kazi. Tulisahau kwamba mkulima na mfanyakazi nao huposa na kuposwa, hukataliwa, na hulia. Tulipowaachia wauza vijitabu uwanja huo, tusishangae kwamba waliulima wapendavyo.

Mtu akisimama Kisorya, katika Wilaya ya Bunda, akingoja kivuko, hukitazama kisiwa cha Ukerewe ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji. Kisiwa hicho kimetupa vitabu viwili vikubwa vinavyohusu mapenzi, navyo vinatofautiana kama usiku na mchana.

Cha kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Kwa muda kilizuiwa kutumika shuleni, kwa kuwa kilisema waziwazi mambo ambayo wengi walitaka yafichwe. Hata hivyo, kisa chenyewe kinawashitaki wale waliokiona kichafu. Rosa analelewa na baba mkali anayempiga kwa ajili ya barua ya kijana. Katika nyumba ile habari ya mapenzi ni ya fimbo, wala si ya mazungumzo. Msichana anapoondoka nyumbani kwenda masomoni hana kipimo alichopewa isipokuwa hofu, na hofu ikiondoka hakuna kinachobaki. Mwishowe anakataliwa na mchumba kwa sababu ya maisha yake ya nyuma, naye anajiua. Zakaria, babaye, alitaka binti safi. Alichokipata ni binti mpweke. Kezilahabi alitutangulia kuona kwamba ukimya hauzai staha.

Cha pili ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Mwandishi alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945, kisha akakitia mwenyewe katika Kiswahili. Kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka uliofuata alifariki dunia. Humu hatusomi habari ya vijana wanaochumbiana. Tunasoma habari ya mume na mke waliokwisha kuoana, ambao hawajabahatika kupata mtoto aliye hai. Ndugu wa mume wanamkejeli mke, na wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Myombekere anakataa shauri la kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kuomba radhi, naye anatozwa pombe ya ndizi. Kitereza anatumia kurasa nyingi kueleza jinsi pombe hiyo inavyotengenezwa, na msomaji mwenye haraka hudhani kwamba mwandishi ameacha kisa. Sivyo. Myombekere hawezi kuitengeneza peke yake. Majirani na marafiki wanamsaidia, na wanaisindikiza hadi ukweni. Pendo la mtu mmoja kwa mkewe linabebwa mabegani mwa wenzake, njia nzima, mchana kweupe. Sijui mahali pengine katika fasihi yetu ambapo mapenzi yameonyeshwa kwa heshima zaidi, ingawa maneno ya mapenzi yenyewe ni machache.

Kitabu cha tatu kitamshangaza msomaji, maana chimbuko lake ni Uingereza. Lakini aliyekitia katika Kiswahili ni mtu wa Butiama, na kaburi lake liko huko tangu mwaka 1999. Nasema Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Kwa kawaida husomwa kisiasa, na jina lake ndilo lililotuelekeza huko: Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, na mfasiri, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alichagua neno mabepari, tena kwa wingi. Hapana shaka uchaguzi huo ulikuwa na maana. Lakini nusu nzima ya tamthilia hii ni habari ya marafiki wanaopata wachumba, na nusu hiyo hatujaifundisha ipasavyo.

Tuitazame. Bassanio ana madeni. Anamwendea rafiki yake Antonio, anamweleza madeni hayo, kisha anamweleza habari ya Portia, binti tajiri wa Belmont. Mhakiki mkali atasema kwamba kijana huyu anaposa mali, na hatakosea sana. Portia naye hana uhuru: marehemu baba yake ameacha wosia kwamba ataolewa na yule atakayechagua kisanduku sahihi kati ya vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Msichana wa Mara, ambaye posa yake imewahi kujadiliwa na wazee kwa hesabu ya ng'ombe, haoni ugeni wowote hapo. Antonio, mali yake ikiwa baharini, anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, na rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Sasa tuje kwenye kiini. Bassanio anachagua kisanduku cha risasi na kumpata Portia. Saa hiyo hiyo barua inafika: Antonio ameshindwa kulipa na atakatwa nyama. Portia anafanya nini? Anataka wafunge ndoa kwanza, kisha anamtuma bwana arusi aende Venisi kabla hawajakaa kama mume na mke, kwa kuwa hataki kulala ubavuni mwa mtu ambaye roho yake haijatulia kwa ajili ya rafiki. Hiyo ndiyo staha. Haikutokana na katazo la mzee wala na aibu ya mwili. Imetokana na kutambua kwamba mume asiyemfaa rafiki katika dhiki hatamfaa mke. Wahenga wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; Portia ameongeza kwamba huyo ndiye na mume.

Mwisho wake una mafunzo zaidi. Bassanio ameitoa pete ya Portia, tena kwa kushauriwa na Antonio. Urafiki umeidhuru ndoa. Ndipo Antonio anapojitokeza na kusema kwamba hapo kwanza aliweka mwili wake rehani kwa ajili ya rafiki, na sasa anaweka roho yake kwamba rafiki huyo hatavunja ahadi tena. Portia anamkubali kuwa mdhamini, na pete anampa yeye amkabidhi Bassanio. Yeye mwenyewe anabaki bila mke. Mtu ambaye angeweza kuwa mpinzani wa ndoa amefanywa nguzo yake. Desturi yetu ya mshenga inasema jambo hilo hilo kwa njia nyingine.

Hata hivyo tusiifanye Venisi kuwa pepo. Urafiki wa vijana wale una ukuta. Nje ya ukuta huo yumo Shylock, anayetukanwa kwa dini yake, anayechekwa binti yake anapotoroka na fedha na vito, na mwishowe anayelazimishwa kuacha imani yake. Mapenzi ya marafiki yaliyojengwa juu ya kumdhalilisha mgeni hayawezi kuitwa safi bila masharti. Hilo nalo ni somo kwetu, maana Musoma ni mji wa Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Wakurya, Wajaluo na wengine wengi. Kama marafiki katika hadithi zetu ni wa kabila moja tu, kazi ya kujenga taifa bado haijaanza katika kurasa hizo.

Tukivirudia vijitabu vya mapenzi kwa kipimo hiki, kosa lao linaonekana mahali tofauti na pale tulipokuwa tukilitafuta. Tulihesabu mabusu. Tulipaswa kumtafuta rafiki. Katika vingi mno, rafiki ana kazi mbili tu: kupeleka barua, au kumnyang'anya mwenziwe mchumba. Hana akili yake, hana ushauri, hana maisha yake. Wapenzi nao hawana kazi, hawana jirani, hawana deni; wamening'inia katika chumba cha mjini kisicho na anwani. Kijitabu kinaweza kisiwe na neno moja la matusi na bado kikawa kichafu kwa maana hii, kwa kuwa kinamfundisha kijana kwamba kupenda ni kujitenga na watu. Na kingine kinaweza kusema mambo waziwazi, kama Rosa Mistika, kikawa safi kwa kuwa kinaonyesha gharama ya upweke huo.

Yamkini mtu atanipinga akisema: je, kuyaweka mapenzi mbele ya watu si ndiko kulikowatesa vijana wetu? Si wazee wale wale waliowaoza mabinti bila ridhaa yao? Pingamizi hili ni zito, nami silikwepi. Lakini tutofautishe rafiki na mwenye maslahi. Baba ana fungu lake katika mahari, na ndugu wa kiume anangoja ng'ombe hao aoe. Rafiki hagawiwi ng'ombe. Ndiye shahidi pekee ambaye hana cha kupata isipokuwa heri ya mwenziwe, na ndiyo sababu ushauri wake unaweza kuaminiwa. Jamii iliyomsikiliza mwenye ng'ombe ikamnyamazisha rafiki imepotosha utamaduni wake yenyewe.

Leo hali imebadilika. Msichana wa Bunda au wa Butiama halazimiki kuficha kijitabu ndani ya daftari. Hadithi za mapenzi humjia kwenye simu, kipande kwa kipande. Sina ugomvi na simu. Lakini anasoma peke yake, na orodha ya majina sita haipo tena. Ikiwa na hadithi yenyewe inamfundisha upweke, basi tumempotezea rafiki mara mbili.

Kwa kumalizia, nawasihi waandishi wetu wasiione hadithi fupi ya mapenzi kuwa kazi ya chini yao. Mara ina mambo tele ya kuandikwa: mvuvi wa Musoma na mwalimu wa shule ya msingi ambao wamefahamiana miaka kumi kabla ya mmoja wao kuthubutu kusema, vijana wawili wa makabila yaliyozoea kuibiana ng'ombe, na marafiki wanaokwenda kuwasemea, mjane wa Bunda ambaye shoga zake wanamhimiza asiogope kupenda tena. Ziwe fupi, ziwe za bei ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu, na rafiki awe mtu kamili ndani yake.

Kijitabu kile sikukirudisha, na msichana yule sikumjibu. Lau angesimama tena leo mbele yangu, ningempa Kitereza, kisha Mabepari wa Venisi, kisha Kezilahabi, kwa mpango huo. Na ningemwomba aandike nyuma ya jalada majina ya wenzake watano.