Rununu na Maninga: Sayansi, Ushairi na Burudani ya Runinga

Mgawanyo wa fasihi katika makundi mawili, ya kufunza na ya kuburudisha, umekita mizizi katika uhakiki wa Kiswahili. Hata hivyo, katika mabaraza ya Mji wa Kale wa Mombasa mgawanyo huo haujapata kuwa na nguvu: fumbo hutegwa ili watu wacheke na, papo hapo, wapimane akili. Swali linalozuka leo, sayansi inapopelekwa kwa umma kwa nyimbo, vichekesho na vipindi vya runinga, ni hili: je, burudani hiyo huubeba ujuzi wenyewe, au ni asali tu iliyopakwa juu ya dawa chungu?

Jibu linaweza kuanza kutafutwa katika neno runinga lenyewe. Lilibuniwa na Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mshairi mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa kwa miaka mingi. Kama linavyofafanuliwa, limetokana na rununu, yaani sauti au habari isikikayo kutoka mbali, na maninga, neno la kale la kishairi lenye maana ya macho. Ubunaji huu si pambo. Unadai kwamba chombo kigeni kinaweza kuelezwa kwa kazi kinayoifanya, na kwa mali iliyomo ndani ya lugha.

Msimamo huo ndio unaozitawala tungo zake mbili. Sambo ya Kiwandeo (1979) inaeleza jinsi chombo cha Lamu kinavyoundwa. Umbuji wa Mnazi (1985) inaufuata mnazi katika ukuaji na matumizi yake. Istilahi hapa haikubandikwa juu ya shairi. Ndiyo shairi lenyewe. Vina na mizani huyafanya majina ya kiufundi yakae moyoni, na raha aipatayo msikilizaji ni ya kulikuta jina sahihi mahali pake.

Sifa hiyo, hata hivyo, isifiche upungufu. Kwanza, msamiati wa Kiamu humlazimu msomaji wa leo kuegemea ufafanuzi, na burudani inayohitaji faharasa huchelewa kufika. Pili, tungo za aina hii huhifadhi ujuzi uliokwisha kuthibitishwa na mafundi. Hueleza jambo lifanywavyo zaidi ya kuuliza kwa nini liwe hivyo. Sayansi, kwa upande wake, huishi kwa shaka na majaribio.

Hapo ndipo runinga ya karne hii inapochangia. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, hufunza hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Wahusika hukabiliwa na tatizo na kutafuta ufumbuzi wake. Hivyo kutojua huwa ndiko kiini cha msuko. Shamba Shape Up, kilichoanza Kenya mwaka 2012, kiliingia katika mashamba ya wakulima halisi, na mmoja wa watangazaji wake, Tonny Njuguna, alikwisha kujulikana kwa vichekesho vya kundi la Redykyulass. Mchekeshaji katika nafasi hiyo anaweza kuuliza swali ambalo mkulima angeona haya kuliuliza, na kicheko kikawa mlango wa maelezo. Kicheko kikiisha kabla maelezo hayajaanza, asali na dawa hutengana.

Kwa Mombasa, suala hili si la nadharia tupu. Mtoto wa Mji wa Kale hutaniana na hubishana kwa Kiswahili, lakini sayansi husomeshwa kwa Kiingereza. Akikua hivyo, aweza kuamini kwamba lugha ya nyumbani ni ya mzaha na lugha ya ujuzi ni nyingine. Nabhany anaikanusha imani hiyo kwa jina. Ubongo Kids inaikanusha kwa swali. Kinachosalia ni kuvikutanisha viwili hivi mbele ya hadhira hai. Malenga na mwalimu wa fizikia wangeweza kutegeana fumbo karibu na Bandari ya Kale: kwa nini jahazi lenye shehena huelea, ilhali msumari wake mmoja ukitupwa majini huzama? Fumbo hilo lina mzaha wa kutosha kuikusanya baraza, na haliwezi kufumbuliwa pasipo sayansi. Kwa kipimo hicho ndicho uhakiki unapaswa kuzipima kazi za aina hii.