Neno "Ukaguzi" katika Kanuni za Ulinzi wa Kompyuta

Iko mifumo ya kompyuta ambayo mwenye faili hana neno la mwisho juu ya faili lake. Mfano mashuhuri ni SELinux, iliyotungwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani na kutolewa kwa watu wote mwaka 2000. Mvuvi wa Mwanza hawezi kulistaajabia jambo hili. Kokoro limekatazwa katika Ziwa Viktoria: mwenye mtumbwi akiridhia, na mwenye wavu akiridhia, katazo li pale pale.

Shida ya lugha yaanza penye agizo liitwalo "dontaudit". Neno "audit" hufasiriwa kuwa ukaguzi, na katika hesabu za fedha tafsiri hiyo ni sahihi. Basi mfasiri afuataye kamusi ataandika "usikague", na hapo ndipo atakapopotoa. Mfumo hukagua kila ombi, na lisiloruhusiwa hulikataa. Agizo hili huuzuia tu usiandike habari za kukataa huko. Ni kama afisa uvuvi azuiaye kokoro mwaloni, wala asilitie daftarini. Hali kadhalika "auditallow" haliruhusu kitu chochote. Huamuru tu yaandikwe yale ambayo kanuni nyingine imekwisha kuyaruhusu. "Ruhusu ukaguzi" ni kinyume cha maana yake.

Kunyamaza huko kuna sababu njema. Makatazo madogo yasiyo na madhara yakiandikwa yote, daftari hufurika, na lililo zito halionekani. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa "usikague" atadhani ya kuwa mlango umeachwa wazi. Na mtunza mitambo aonapo huduma imekwama na daftari ni tupu, atasema kanuni hazina hatia. Au, akichoka kutafuta, atauzima ulinzi wote. Kumbe ilimpasa azijenge upya kanuni bila maagizo ya kunyamaza, asome kilichokataliwa, kisha ayarudishe.

Yaweza kujibiwa kwamba ukaguzi ni neno fupi lililozoeleka. Ni kweli, nalo libaki kwa kazi ya binadamu asomaye daftari baadaye. Kwa kazi ya mashine yafaa "kuweka kumbukumbu": "usiweke kumbukumbu ya katazo", na "weka kumbukumbu ya ruhusa". Istilahi hizi ni ndefu, lakini hazimdanganyi msomaji. Katika ulinzi, kuangalia ni jambo moja, kukataa ni la pili, na kuandika ni la tatu. Neno livunjalo mipaka hiyo halifai, hata likiwa tamu ulimini.